Ile Namba Ndogo ya Juu

Kawetele, nyumba ya juu
12 Machi 2024

Mama Abrahamu,

Usishtuke. Miaka minane umeolewa hapa na hujapata karatasi kutoka kwangu. Mimi mwenyewe nimeshika kalamu tangu asubuhi nikijiuliza kama ninavunja adabu. Kosa ni la mama mkwe wako. Jana Elina aliniletea karanga kazifunga kwenye ukurasa wa daftari. Nikala karanga, halafu nikasoma karatasi, kwa sababu mimi husoma chochote kilichoandikwa, hata mfuko wa mbolea. Nikakuta ni hisabati. Nikakuta mtu ameandika kwamba 5/x + 2 ni polinomia. Kabla sijafikiri, kalamu nyekundu ilikuwa imeshafika mkononi. Nilipomaliza kusahihisha ndipo nikauliza hii ni kazi ya nani, Elina akasema ni yako.

Kumbe unasoma. Kumbe umefanya mtihani wa maarifa mara mbili, na mara zote mbili hisabati imekuangusha, na nyumba nzima inajua isipokuwa mimi. Nimefundisha hisabati miaka thelathini na mbili, na niko hatua arobaini kutoka mlangoni kwako nikichunga kuku. Imeniuma, nakwambia wazi.

Sasa nisikilize. Mila yetu ya kutila naiheshimu. Wewe umeishika kuliko wake wote wa ukoo huu. Hujawahi kunitazama usoni wala kutamka jina langu. Ukinisikia nakohoa njiani unaingia migombani mpaka nipite, na kanisani unakaa nyuma ya nguzo. Siku hizi wako wanaosalimiana na baba wakwe zao kama wanavyosalimiana na makondakta, nami sisemi kitu. Lakini mila inakataza mkwe kutazamana na baba mkwe na kusemezana naye. Nimefikiri sana, sikumbuki mzee aliyekataza kuandikiana. Simu haifai, kwa sababu simu ni sauti, na ujumbe wa simu yangu ya vitufe hauna mahali pa kuweka kipeo.

Ukitaka, andika. Elina atabeba. Karatasi yako hii hapa, ina mafuta ya karanga. Herufi ikikaa chini ya mstari wa kugawanya, hiyo si polinomia tena.

Mwalimu Ambindwile


Kawetele, nyumba ya chini
16 Machi 2024

Tata,

Shikamoo. Ndaga kwa barua yako. Niliisoma jikoni nikiwa nimepiga magoti, kisha nikajicheka mwenyewe kwa sababu ulikuwa hunioni.

Nitakueleza yote mara moja, kwa kuwa mama mkwe anasubiri mlangoni na ungo wake. Nina miaka thelathini na moja. Shule niliacha kidato cha pili, baba alipofariki, nikaenda kuchuma chai na mama yangu mzazi kule Matwebe. Miaka mitatu sasa nawasaidia watoto wa chekechea pale kanisani. Wananipenda na mimi nawapenda, lakini mimi ni msaidizi wa kufuta makamasi tu. Wamesema wakipata mwenye cheti watamweka yeye. Ili nifike chuo cha ualimu nahitaji kidato cha nne, na ili nifike kidato cha nne nahitaji mtihani huu wa maarifa. Kila Jumamosi nashuka Ibighi kwenye kituo cha Mwalimu Bushiri. Anafundisha vizuri ila tuko sitini, na mimi nakaa nyuma.

Jairo alipokuja kutoka Mbeya mwezi uliopita alisema mwaka huu ndio wa mwisho. Hakusema kwa ubaya. Alisema, "Mke wangu, ukianguka tena tupumzike." Mtihani ni Novemba.

Polinomia ndipo ninapopotelea kila mwaka. Majina ni mengi, sijui lipi ni la nini. Nisaidie, Tata. Nitafanya kila utakachosema.

Mkweo, Felista


Nyumba ya juu
20 Machi 2024

Mama Abrahamu,

Kalamu mkononi. Tunaanza.

Polinomia ni vipande vilivyounganishwa kwa kujumlisha au kutoa. Kipande kinaweza kuwa namba tupu, kama 9. Kinaweza kuwa namba na herufi, kama 4x. Kinaweza kuwa na kipeo, ile namba ndogo inayokaa juu begani kwa herufi, kama 7x². Masharti ni mawili tu: kipeo kiwe namba kamili isiyo hasi, na herufi isikae chini ya mstari wa kugawanya. Vitabu vina majina yao. Mimi nimeviita vipande maisha yangu yote na hakuna aliyekufa.

Unachanganyikiwa kwa sababu polinomia moja ina majina mawili, na kila jina linajibu swali lake. Hata wewe ni Felista ukiulizwa jina, na ni mke wa Jairo ukiulizwa nyumba.

Swali la kwanza: vipande vingapi? Alama za + na − ni ua kati ya shamba na shamba. Hesabu mashamba. Moja ni monomia, mawili binomia, matatu trinomia. Yakizidi hapo, iite polinomia tu.

Swali la pili: digrii ngapi? Hapa usihesabu mashamba. Tafuta mti mrefu kuliko yote, hata ukiwa shamba la mwisho. Kipeo kikubwa kuliko vyote ndicho digrii ya polinomia nzima. Namba tupu ina digrii sifuri. 4x ina digrii moja, maana kipeo cha moja hakiandikwi.

Sasa tunga polinomia tano zako mwenyewe. Za kitabuni sizitaki, ukinakili nitajua. Kila moja ipe majina yake mawili. Usiniandikie shukrani ndefu, mvua hii inaingiza giza ndani na macho yanachoka.

Ambindwile


Nyumba ya chini
2 Aprili 2024

Tata, shikamoo.

Nimetunga nikiwa nachuma chai, moja kila mstari, nikawa nazirudia mdomoni mpaka mwenzangu Veronika akauliza kama naomba.

(a) 7x² ni monomia, digrii 2.
(b) x + 4x³ ni binomia, digrii 3.
(c) 6x⁵ − x² + 1 ni trinomia, digrii 5.
(d) 9 ni monomia, digrii 0.
(e) 2x − 8 ni binomia, digrii 1.

Kwa mara ya kwanza nimeandika majibu bila kutetemeka. Lile la (b) nimelipanga makusudi, mti mrefu uwe shamba la pili, ujue kwamba nilikusikia.

Mkweo, Felista


Nyumba ya juu
9 Aprili 2024

Mama Abrahamu,

Vipande umevipata vyote vitano. Hapo nimefurahi.

Digrii bado. (a), (d) na (e) ni vema. Kwenye (b) umeandika 3, sahihi ni 2. Kwenye (c) umeandika 5, sahihi ni 3. Umetunga maswali mazuri halafu umeyajibu kwa haraka. Mtihani hauna huruma na mtu wa haraka. Rudia somo langu, kisha tunga kumi nyingine.

Ambindwile


Nyumba ya chini
12 Aprili 2024

Tata, shikamoo.

Nimesoma masahihisho mara nyingi. Nimeona nilipokosea. Nimeelewa.

Kumi nyingine nitazileta Jumapili baada ya ibada.

Mkweo, Felista


Nyumba ya juu
26 Mei 2024

Mama Abrahamu,

Umebadilika. Karatasi nne mfululizo na digrii zako karibu zote ni vema. Elina anasema nazunguka nyumba nikipiga mluzi. Uliniambia mnafanya jaribio kule Ibighi mwanzoni mwa Juni. Nenda bila hofu, polinomia umezishika.

Ambindwile


Nyumba ya chini
22 Juni 2024

Tata, shikamoo.

Jaribio tulifanya. Matokeo bado hayajakaa sawa, nitakueleza.

Leo naomba jambo tofauti. Nimeandika polinomia kumi bila majibu. Naomba wewe uandike digrii ya kila moja, ili nijilinganishe. Usiniwekee vema wala kosa, andika tu namba. Samahani kwa kukutuma kazi, Tata, nimeshindwa kupata njia nyingine.

Mkweo, Felista


Nyumba ya juu
26 Juni 2024

Mama Abrahamu,

Mwanafunzi anampa mwalimu mtihani, dunia imegeuka. Haya, majibu: 1, digrii 2. 2, digrii 3. 3, digrii 1. 4, digrii 2. 5, digrii 0. 6, digrii 4. 7, digrii 2. 8, digrii 1. 9, digrii 5. 10, digrii 3.

Mbona namba tisa umeiandika kama tangazo la mnadani? Vipeo vikubwa kama vikombe. Karatasi ni ghali.

Ambindwile


Nyumba ya chini
3 Julai 2024

Tata,

Shikamoo. Barua hii nimeichana mara tatu. Nikishaikabidhi kwa mama naondoka kwenda Matwebe kumsaidia mama yangu kuvuna maharage, kwa sababu sina uso wa kukaa hatua arobaini kutoka kwako ukiisoma.

Kwenye jaribio nilipata ishirini na sita katika mia. Kwenye polinomia nilipata vipande vyote na digrii karibu zote nikakosa. Mwalimu Bushiri aliniita mbele akaniuliza hii kanuni yangu nimeitoa wapi. Nikanyamaza. Aliuliza tena, nikanyamaza tena, akasema, "Ni uongo, lakini ni uongo uliokaa vizuri. Aliyeutunga ana akili."

Niliutunga mimi, Tata. Somo lako la Machi lilisema digrii ni kipeo kikubwa kuliko vyote. Masahihisho yako ya Aprili yakasema vingine. Mkwe hamrudishii baba mkwe alichompa akamwambia kina kasoro, kwa hiyo nikaamua kasoro iko kichwani mwangu. Nikakaa na karatasi mpaka nikapata kanuni ya kufanya masahihisho yako yawe kweli: chukua kipeo kikubwa, kisha toa idadi ya alama za kujumlisha na kutoa. Kwenye (b) tatu toa moja ni mbili. Kwenye (c) tano toa mbili ni tatu. Kwenye (e) haikukubali, nikaweka kiraka, kwamba pasipoandikwa kipeo usitoe kitu. Karatasi zilizofuata nilijibu kwa kanuni hiyo. Mara nyingi uliweka vema, nikashangilia, na pale ulipoweka kosa nikaongeza kiraka kingine. Nikaandika "nimeelewa", na sikuwa nimeelewa hata kidogo.

Baada ya jaribio nilitandaza karatasi zetu zote kitandani. Nikaona kitu. Kuhesabu vipande hujawahi kukosea hata mara moja. Unakosea digrii tu, na unakosea pale tu ambapo kuna kipeo kilichoandikwa. Alama za + ni kubwa. Vipeo vyangu ni vidogo.

Ndipo nikakuandikia zile kumi. Namba mbili na namba tisa ni polinomia ileile, 3x⁵ + x − 4. Namba mbili niliiandika kwa mwandiko wangu wa kila siku, ukasema digrii 3. Namba tisa niliiandika vipeo kama vikombe, ukasema digrii 5.

Nilikupima, Tata, na sikukuomba ruhusa. Mama anasema chai unaimimina nje ya kikombe na unasingizia kikombe. Hisabati yako ni nzima, ni macho yasiyoona ile namba ndogo ya juu. Mwalimu Bushiri anasema mtoto wa jicho unatolewa Mbeya na mtu anarudi nyumbani upesi.

Novemba haiko mbali na huu ndio mwaka wangu wa mwisho. Naweza kurudi kukaa nyuma Ibighi na watu sitini. Lakini mwalimu aliyenifanya niache kutetemeka ni wewe, na ni wewe ninayekutaka. Nenda ukatibiwe. Nakuomba kwa magoti, safari hii bila kujicheka.

Mkweo, Felista


Kawetele
20 Julai 2024

Mwanangu Felista,

Ugonile. Mimi si mtu wa barua, ila hii nampa dereva wa gari la maziwa anayepita Matwebe.

Mzee amenuna fijo, sana sana. Siku ile alisoma barua yako juani, kaiweka karibu na pua, akaikunja. Hakula. Kesho yake kasema chumvi imezidi, na mimi chumvi sikutia. Nimemuuliza mkwe kakukosea nini, kasema, "Mkwe hajakosea kitu, nyamaza." Sasa kila asubuhi anakaa mlangoni na makaratasi yako yote, anayasogeza mbele, anayarudisha. Jumapili mchungaji alimwomba asome Zaburi. Kashika kitabu, kasema yote vizuri. Mimi nilikuwa karibu, nikaona kitabu kakishika juu chini. Alikuwa anasema ya kichwani.

Mwanangu, nililia pale pale kwenye benchi, na mimi nilifikiri ni mimi peke yangu ninayejua.

Maharage yakiisha urudi. Abrahamu anamuulizia mama yake.

Mama yako, Elina


Nyumba ya juu
25 Julai 2024

Felista,

Leo nakuita kwa jina lako, kwa sababu nataka kusema na mwanafunzi.

Nilikasirika siku kumi na tisa. Nilikasirika kwamba ulinipima, kisha kwamba umeniandikia badala ya kumwambia Jairo, kisha kwamba kipimo chenyewe kilikuwa kizuri, ningekitunga hivyohivyo. Hasira ilipokwisha ikabaki aibu, na aibu haiishi kwa kukaa mlangoni.

Macho yangu yalianza kufifia mwaka juzi. Kwanza ukungu, nikasema ni ukungu wa Kawetele. Halafu nikasema ni mvua, halafu ni taa. Nilijua. Sikumwambia mtu kwa sababu mwalimu asiyeona ubao ni mzee tu mwenye kuku. Ulipokuja wewe nikajiona mwalimu tena, na sikutaka kuachia hilo. Pale ambapo sikuona kipeo nilikisia. Ulikuwa umeandika sawa, na kwa kukisia kwangu nikakuvurugia akili mpaka ukatunga uongo ili niwe mkweli mimi. Nisamehe. Naandika neno hili taratibu ili lisomeke.

Na kuna lingine linalonisumbua kuliko macho. Miaka thelathini na mbili darasani, hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuniambia, "Mwalimu, hapo umekosea." Nilikuwa najivunia. Sasa nakaa nawaza, hivi kweli sikuwahi kukosea? Au walikaa wakitunga kanuni zao za kunilinda, wakaenda nazo kwenye mtihani, wakaanguka, na mimi nikawaita wavivu?

Nimemwambia Jairo anipeleke Mbeya. Wanasema foleni ni ndefu, mpaka Septemba. Sasa sikiliza pendekezo langu. Sihitaji macho ili nifundishe kwa mdomo. Elina awaite wazee, tule pamoja, walegeze hii mila kati yako na mimi. Ukae mezani, nikueleze uso kwa uso mpaka siku ya mtihani. Nadhani nakudai hilo wewe, au wewe unanidai mimi, sijui.

Ambindwile


Matwebe
28 Julai 2024

Tata,

Shikamoo. Barua yako nimeilaza chini ya mto kama mtoto.

Nimekusamehe, ingawa najiona mpumbavu kuandika hivyo kwa mkubwa wangu. Wazee usiwaite. Si kwamba nakataa heshima hiyo, imenigusa sana. Ila najijua. Ukinieleza mezani nitainamisha kichwa na kuitikia "ndiyo, Tata" mpaka jua linazama, na hutajua nimeelewa nini. Kwenye karatasi niliweza kukwambia umekosea. Kwa mdomo nisingeweza, hata wazee wangelegeza mila mara mia. Acha tuendelee kuandikiana mpaka Novemba. Baada ya hapo tutaona.

Mpaka utibiwe nitaandika kwa mkaa kwenye karatasi za mifuko ya saruji, vipeo kama vikombe. Jairo anayo mingi pale anapojenga. Na kuanzia leo, nikiwa sijaelewa nitaandika "sijaelewa". Naanza sasa hivi: digrii ya polinomia yenye herufi mbili kwenye kipande kimoja, kama 3x²y, inatafutwaje? Sijaelewa kabisa.

Ijumaa narudi nyumbani.

Mkweo, Felista


Nyumba ya juu
19 Septemba 2024

Mama Abrahamu,

Wametibu jicho la kulia, la kushoto litafuata. Daktari ni binti mdogo. Alinikemea kwa kuchelewa, nimeanza kuzoea kukemewa na mabinti.

Jana wamefungua kitambaa. Kitu cha kwanza nilichosoma ni karatasi ya dawa, yote, mpaka jina la kiwanda. Kitu cha pili ni barua zangu kwako, Elina amenitolea zile nilizobaki na nakala zake. Mistari inapanda na kushuka. Sijui ulizisomaje.

Lazima nikiri jambo. Tuliposhuka kwenye gari wewe ulikuwa unavuka uani na ndoo. Niligeuza uso kama inavyotakiwa, lakini nilichelewa kidogo. Ulikuwa umevaa kitenge cha njano. Sina la kusema zaidi, ila nimefurahi kwamba mke wa mwanangu ana afya.

Kuhusu mfuko wa saruji wa mwisho: digrii zote nane ni vema, na safari hii nimeziona. Kwenye 3x²y vipeo vya kipande kimoja unavijumlisha, mbili na moja ni tatu. Umepata. Sasa tunajumlisha polinomia na polinomia, vipande vinavyofanana kwa vinavyofanana, herufi ileile na kipeo kilekile. Maswali kumi na tano nyuma ya ukurasa. Wiki tisa zimebaki, nataka karatasi mbili kila wiki.

Ambindwile


Nyumba ya chini
23 Novemba 2024

Tata, shikamoo.

Hisabati imekwisha jana. Polinomia zilikuwa swali la tatu. Niliandika digrii kwa kipeo kikubwa, bila kutoa kitu na bila kiraka, kisha nikaweka kalamu chini nikatazama dirishani kwa dakika nzima kwa sababu ilikuwa rahisi. Swali la tisa la duara sijui nimefanya nini. Sikulia. Nilipotoka Mwalimu Bushiri alikuwa getini, akaniuliza imekuwaje, nikamwambia duara lilinishinda na mengine niliyaelewa. Akasema siku hizi nina mdomo.

Sasa ni kusubiri. Jairo ameniuliza kama naogopa, nikamwambia naogopa sana. Ameniambia hata yeye.

Mkweo, Felista


Nyumba ya juu
14 Januari 2025

Mama Abrahamu,

Matokeo hayajatoka na mimi siwezi kukaa bure. Nimekuandalia somo la kwanza la kidato cha tatu: kuzidisha polinomia. Maelezo kurasa mbili, mifano sita, majibu ya mifano nimeyaweka. Ukifaulu tutakuwa tumeshaanza. Usipofaulu nitakwenda mwenyewe Mbeya kuzungumza na Jairo, na nitamwambia alipo mwalimu wako ni hatua arobaini, na mwalimu huyo anaona.

Ambindwile


Nyumba ya chini
29 Januari 2025

Tata,

Shikamoo. Vigelegele ulivyosikia saa nne ni vya mama. Alinikuta uani nimekaa chini na simu ya Jairo mkononi, akadhani kuna msiba, nikamwonyesha, ndipo akaanza. Nimefaulu, Tata. Masomo yote, na hisabati nimepata C. Nimeisoma mara nyingi kuona kama ni yangu. Jairo amenunua soda ya kila mtoto wa chekechea, na mwenyekiti wa kanisa amesema nafasi yangu watanishikia mpaka nimalize. Nina furaha mpaka mwili unauma.

Usiku na mchana nimekuwa nikiwaza nikuambie nini siku hii ikifika. Nilitaka kuandika shukrani ndefu, lakini ulishanikataza tangu Machi. Kwa hiyo nimefungua somo lako la kidato cha tatu nikalifanya lote leo alasiri, vigelegele vilipotulia.

Mfano wa nne umekosea. Uliandika kwamba x³ ukizidisha kwa x² + 1 unapata polinomia ya digrii 6. Vipeo hapo vinajumlishwa, havizidishwi. Jibu ni x⁵ + x³, digrii 5. Nimelirudia mara tatu ili nisikuonee. Na safari hii, Tata, usisingizie macho.

Mkweo, Felista